Hakuna Sita

Karatasi ya maelekezo ilisema kwamba tangu mtu apokee simu mpaka aulizwe swali la kwanza, zisipite sekunde kumi. Hedwiga alikuwa anatumia dakika mbili, siku nyingine tatu, na wala hakuona kosa lake liko wapi. Mtu humjui, umempigia akiwa kwake, pengine ana sufuria jikoni, halafu umrukie tu na maswali? Kule Morogoro alikokulia, hata askari aliyekuja kukukamata husalimia kwanza, akauliza na watoto wamelalaje, ndipo akatoa pingu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupiga simu Uingereza. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi pale Kensington, Johannesburg, na ndani yake walikaa watu kumi wamevaa spika za masikioni, wakiwauliza Waingereza wanawaonaje viongozi wao na uchumi wao. Kampuni ya utafiti iliyoko London ndiyo iliyotaka kujua. Waliohojiwa walikuwa elfu moja na mia mbili, walewale kila mwezi kwa miezi mitatu, na kila mpigaji alikabidhiwa mia moja na ishirini wake mwenyewe. Kwenye simu Hedwiga aliitwa Helen. Waingereza, alielezwa, wakisikia jina la Hedwiga huanza kuuliza maswali wao.

Kiingereza hakikumsumbua. Alikipata shuleni Mazimbu, palepale Morogoro, enzi za wakimbizi wa Afrika Kusini, kwa walimu wa kujitolea waliotoka hukohuko Uingereza na kuvaa makubazi hata wakati wa masika. Hapohapo Mazimbu alimpata mume, na mume ndiye aliyemleta Johannesburg vita vya ukombozi vilipokwisha. Mume alishafariki. Shule ndogo ya Yeoville alikofundisha miaka kumi na tano nayo ilifungwa, na cheti chake cha ualimu, kila alikokipeleka, walikigeuza mbele na nyuma wakamrudishia. Kwa hiyo alipopata kazi ya simu akiwa na miaka hamsini na minne, miongoni mwa vijana wanaotafuna chingamu, aliishika kwa mikono miwili.

Alikuwa na sababu moja kubwa kuliko zote. Jicho la kushoto lilikuwa limeingiwa na mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa linaanza. Hospitali ya serikali ilimwandika kwenye foleni ya miaka miwili. Kampuni ilikuwa na bima ya afya kwa walioajiriwa moja kwa moja, na kuajiriwa moja kwa moja kulikuja baada ya miezi mitatu ya majaribio, ukifaulu. Herufi kwenye kompyuta yake alikuwa amezikuza mpaka swali moja likajaza kioo kizima. Akishindwa hapa, kwa hesabu zake, mwakani hatakuwa anasoma kitu.

Swali lililotafutwa hasa na London lilikuwa la nne. Je, una imani kiasi gani na viongozi wa kisiasa wa nchi yako katika kuendesha uchumi? Moja ni imani kubwa kabisa, tano ni huna hata chembe.

Mwezi wa kwanza, katika orodha yake, alimkuta mwanamke wa miaka sabini na sita aitwaye Doreen, mkazi wa Hull. Hedwiga alimsalimu. Akamuuliza ameshindaje, huko hali ya hewa ikoje, na nyumbani wote wazima?

Mama wa watu akawa kama anaiangalia nyumba yake upya.

"Nyumbani kuna mimi na nyonga yangu," alisema Doreen.

"Nyonga ina nini?"

Basi yakatoka. Nyonga ilikuwa inangoja kupasuliwa tangu mwaka juzi, na kila tarehe ikikaribia inakuja barua ya kuisogeza. Joto la nyumba alikuwa analiwasha chumba kimoja tu, kile chenye televisheni. Mjukuu wake alimaliza chuo kikuu na sasa anapanga makopo kwenye rafu za duka. Siagi alikuwa anainunua, anaifungua, halafu anaifikiria. Na viongozi, Mungu wangu. Hawa wa sasa waliahidi kurekebisha walichoharibu wale, na wale nao waliahidi vivyo hivyo kuhusu wengine kabla yao. Yeye alikuwa amewapigia kura wote kwa zamu, na wote walimshukuru kwa imani yake.

"Basi nikuandikie ngapi, mama?"

"Hakuna sita?"

"Hakuna sita. Zinaishia tano."

"Weka tano. Na uwaambie nilitaka sita."

Hakuwa Doreen peke yake. Kulikuwa na fundi wa mapaa wa Swansea ambaye paa lake mwenyewe lilivuja kwa sababu hakuwa na nafasi wala nguvu ya kulipanda. Kulikuwa na dereva wa basi wa Leicester aliyesema akiwaona viongozi kwenye televisheni anaizima, kisha anaendelea kugombana na kioo kitupu. Ukiwasalimu, walieleza. Wakishaeleza, walisema tano.

Hedwiga aliwasikiliza bila kuinua sauti wala kukubali wala kukataa, kwa kuwa sheria ilikataza. Sheria ilikataza vilevile kusema unapiga kutoka wapi. Kwa hiyo mtu wa Hull alipolalamika kwamba shimo la barabarani mbele ya nyumba yake lina miezi mitano halijazibwa, Hedwiga alinyamaza. Asubuhi hiyo, akishuka kutoka mtaani kwake Observatory, alikuwa amepita robot tatu, yaani taa za barabarani, zisizowaka na shimo ambalo watu wa mtaa walishachoka kulisubiri wakapanda ndani yake mti. Mti ulikuwa unaendelea vizuri. Maji ya bomba yalikuwa siku ya tano hayajatoka, na alioga kwa kikombe. Lakini hakuwacheka Waingereza. Aliwaonea huruma, na huruma hiyo ilimshangaza yeye mwenyewe, maana wale walimu wa makubazi walikuwa wakiisimulia nchi yao kama mahali ambapo kila kitu kilishatengenezwa zamani, kimebaki kupanguswa vumbi tu.

Mwezi wa pili ulikwenda hivyohivyo, tena kwa raha zaidi, kwa sababu sasa walijuana. "Ni Helen," alisema Doreen kabla hajaulizwa. "Nyonga bado. Tano. Sita hawajaileta?"

Wiki ya mwisho ya mwezi huo, Cédric alimwita ofisini kwake.

Cédric alikuwa mkaguzi wa ubora, Mkongo wa Bukavu mwenye miaka thelathini na ushee, mpole, shati limenyooka. Kazi yake ilikuwa kusikiliza simu za wenzake. Kwa saa nane kwa siku alisikiliza watu wakiwauliza watu, na labda ndiyo maana mwenyewe hakuwa msemaji.

"Ikala, Mama Lerato," alisema, akimvutia kiti. Alimwita kwa jina la bintiye kwa heshima. "Bale ba London banasema kama unapika data."

"Napika nini?"

"Majibu. Benzako, tano yabo ni makumi tatu, makumi ine. Weye, kwa mia na makumi mbili, tano yako ni makumi munane na nane. Banasema haiwezekane."

Hedwiga aliinuka nusu kwenye kiti. Katika maisha yake aliwahi kuitwa mgeni, mjane na mzee, lakini hajawahi kuitwa mwongo. "Rekodi si zipo?" aliuliza. "Kaa uzisikilize, Cédric mwanangu. Zote."

Cédric alikaa akazisikiliza. Ilimchukua siku tatu, na katika siku hizo Hedwiga hakula mchana, alikunywa chai tu. Siku ya nne alimwita tena, akafunga mlango.

"Haukupika kitu," alisema. "Batu bote basema tano, na mudomo yabo." Akasogeza kiti karibu. "Lakini unabasalimia, Mama."

"Kwani kusalimia ni kosa?"

"Kwa London, ni kosa. Ukiuliza mutu nyonga yake iko namna gani, kisha ukamuuliza gouvernement, serikali, iko namna gani, banasema umemusukuma." Alitazama mikono yake. "Kwetu Bukavu, mutu asiyesalimia anapita tu kama mbuzi. Miye najua. Nilisikiliza ile ya nyonga mara mbili, haikukuwa hata lazima. Lakini haiko miye napanga."

Waliopanga walikuwa wameshapanga. Mahojiano yake yote ya miezi miwili, mia mbili na arobaini, yalifutwa. Nyonga, paa la Swansea na ugomvi wa dereva na kioo vyote viliondolewa kwenye hesabu, na hesabu iliyobaki ikawa nzuri. Yeye mwenyewe walimwachia nafasi moja. Mwezi wa tatu asome kilichoandikwa, neno kwa neno, na Cédric atakuwa anasikiliza papo hapo. Akikosea kuandika jibu anyanyue mkono, mkaguzi atafungua fomu isahihishwe, ila mahojiano hayo yatahesabiwa kuwa yameharibika. Yakiharibika ya mtu mmoja tu, hakuna ajira. Hayo yote yalikuwa kwenye barua, na barua ilikuwa na herufi ndogo, ikabidi Cédric amsomee.

Jioni alimweleza bintiye. Lerato alikuwa na miaka kumi na tisa, mzaliwa wa hapahapa, anayekisikia Kiswahili chote na kukijibu chote kwa Kiingereza. Shikamoo aliitoa, lakini kama mtu anayemeza kidonge.

"Si usome tu walichoandika, Mama," alisema. Walikuwa wamepanga foleni kwenye lori la maji, kila mmoja na ndoo zake mbili. "Hao watu hawakujui. Hutawaona maisha yako yote. Unachotaka ni macho yako."

"Kumwingilia mtu nyumbani kwake bila hata habari yako."

"Eish, Mama. Hawana habari. Wanataka umalize wakaendelee na mambo yao."

Alisema kweli, au angalau alisema jambo lenye faida. Usiku huohuo baada ya chakula Lerato alishika saa ya simu, na mama yake akaisomea birika karatasi ya maelekezo. Mara ya kwanza sekunde ishirini na mbili, kwa sababu aliiuliza birika imeshindaje. Mara ya sita, sekunde tisa. "Sharp," alisema Lerato, yaani safi, akaenda kulala.

Mwezi wa tatu Hedwiga alisoma. Alisema jina la Helen na la kampuni, akaomba dakika nne, akaanza na swali la kwanza. Hakuuliza paa wala mjukuu. Wengi hawakumtambua, kwa maana sauti inayosoma si ile inayoongea, na waliomtambua walijibu kwa adabu iliyopoa. Fundi wa Swansea alisema tatu. Dereva wa Leicester alisema tatu, kisha akasema nne, kisha akasema acha iwe tatu. Siku baada ya siku Hedwiga alijifunza kwamba mtu asiyesalimiwa hukimbilia katikati. Moja angeulizwa kwa nini, na tano angeulizwa kwa nini, lakini tatu haiulizwi kitu. Watu walisema tatu kama wanavyofunga mlango bila kuubamiza.

Cédric alimwonyesha takwimu zake za wiki ya pili. Zilikuwa zimelingana na za wenzake kama mbaazi ndani ya ganda moja. Alimpa mkono, lakini hakutabasamu sana.

Doreen alikuwa wa mwisho mwisho. Zamu yake iliangukia Jumanne, saa nane mchana. Taa ndogo nyekundu pembeni ya kompyuta ilikuwa inawaka, ikimaanisha Cédric yuko kwenye laini. Hedwiga alisogeza kiti mbele. Aliiomba simu isipokelewe, na ikapokelewa.

Alisoma. Sekunde tisa.

"Haya," ilijibu sauti ya Hull, kavu. "Uliza."

Akauliza. Moja, mbili, tatu, maswali yalijibiwa kabla hayajaisha kusomwa. Akafika la nne, akalisoma lote, na moja ni nini na tano ni nini.

"Tatu," alisema Doreen.

Kidole cha Hedwiga kilikaa juu ya kitufe. Sheria ilikataza kurudia swali lililokwisha kujibiwa. Alibonyeza tatu. Waliendelea hadi la kumi na mbili, akasoma sentensi ya kumshukuru, akabonyeza Maliza, na fomu ikageuka kijani na kujifunga. Dakika nne kamili.

Doreen hakukata simu. Alikuwa anapumua, na nyuma yake kulikuwa na televisheni iliyowashwa kwa sauti ya chini. Hedwiga naye alipaswa kukata, kidole kilikuwa tayari, ila mdomo ulitangulia.

"Na nyonga je, mama?"

Televisheni ikazimwa.

"Helen? Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Jamani, mbona hukusema? Nilidhani wameniletea mwingine. Nikamwambia tatu aondoke zake." Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ile ya mwezi wa kwanza. "Nyonga wameisogeza tena, mwanangu. Hadi masika ya mwakani. Nilikuwa nimeshafungasha na gauni la kulalia. Wewe ungeniuliza ningekwambia. Weka tano. Au sita, kama wameshaileta."

Hedwiga aliitazama ile fomu ya kijani. Taa nyekundu bado ilikuwa inawaka. Ilitosha anyanyue mkono, Cédric aifungue, tatu iwe tano, na mahojiano yaandikwe kuwa yameharibika. Mkono wa kulia ulianza kupanda. Ulifika usawa wa sikio. Akaliona swali la nne kwenye kioo, ule ukungu ulioizunguka kila herufi kwa jicho la kushoto, na jinsi lile la kulia lilivyokuwa linamfuata mwenzake. Mkono ukaenda kwenye kilemba, ukakiweka sawa, ukashuka.

"Nimekusikia, mama," alisema.

"Umeweka?"

"Pole sana kwa nyonga. Ujitunze."

Akakata. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu ajifanye anatafuta kitu kwenye mkoba. Alitafuta kwenye mkoba kwa muda mrefu. Cédric alipotoka ofisini kwake alisimama nyuma ya kiti chake, na Hedwiga hakugeuka.

"Fomu ilikuwa imefungwa, Mama Lerato," alisema kwa sauti ya chini. "Ulisalimia baada ya kufunga. Sheria haisemi kitu juu ya baada."

"Umesikia alivyosema."

"Nilisikia." Akainyoosha kola ya shati. "Ilikuwa imefungwa hata hivyo, quand même."

Mwisho wa mwezi aliajiriwa. Meneja alimshika mkono mbele ya wenzake na kusema kwamba Mama huyu ameonyesha kuwa umri si kizuizi katika kujifunza. Vijana walipiga makofi. Lerato alinunua keki, na siku hiyo maji yalitoka, kwa hiyo waliosha vyombo vya keki kwa bomba kama matajiri. Jicho la kushoto lilipasuliwa mwezi wa kumi na mbili, hospitali ya binafsi, dakika ishirini tu, akarudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Foleni haikuwepo. Kitandani alimfikiria Doreen na gauni lake la kulalia, akajiambia asifikirie, na akaendelea kufikiria mpaka dawa ilipompitia.

Aliporudi kazini, bandeji imeshaondolewa, alikwenda kuchukua chai. Juu ya meza ya chai palikuwa na ubao wa matangazo, na kwenye ubao palikuwa na karatasi kutoka London iliyobandikwa tangu mwezi wa tisa. Miezi yote hiyo alikuwa anaipita. Aliijua kama kitu cheupe chenye madoa, na alijua kwa kusikia kwamba London wamefurahi. Sasa aliisoma.

Ilikuwa nakala ya habari ya gazeti. Hasira za wananchi kwa viongozi kuhusu uchumi zaanza kupoa, ndivyo ilivyosema kichwani. Chini yake wataalamu watatu walieleza sababu. Mmoja alisema ni mishahara, mwingine akasema ni hotuba ya Waziri wa Fedha, wa tatu akasema wananchi wamekomaa na wameelewa kwamba mambo huchukua muda. Msemaji wa serikali alishukuru kwa imani. Kulikuwa na chati yenye nguzo tano, na nguzo ya tatu ilikuwa ndefu kuliko zote. Hedwiga aliitazama nguzo hiyo kwa jicho jipya. Doreen alikuwa humo, na fundi wa Swansea, na dereva wa Leicester, wamepangwa wima, wamekomaa.

Alisoma mpaka herufi ndogo za chini kabisa, zilizosema watu wangapi walihojiwa na kwamba mahojiano yote yalifanywa kwa utaratibu uleule.

"Unaona muzuri sasa, Mama Lerato?" Cédric alikuwa amesimama kando yake na kikombe.

"Naona," alisema Hedwiga.

Alirudi kwenye kiti chake, akavaa spika, akafungua orodha mpya ya watu mia moja na ishirini. Simu ya kwanza ilipokelewa Leeds na mwanamume aliyekuwa anakohoa, kikohozi kizito cha kifuani, ambacho mtu yeyote wa kwao angekitolea pole kabla ya kutaja jina. Hedwiga alingoja kikohozi kiishe. Kisha akamsomea swali la kwanza, sekunde tisa.